Kristo Alikufa kwa Ajili ya Nani? Fundisho la Kafara Yenye Mipaka na Njia Yake hadi Pemba

Kafara yenye mipaka ni fundisho la Kikristo lisemalo kwamba Yesu Kristo alipokufa msalabani alikusudia kuwakomboa watu maalumu, wale ambao Mungu aliwateua kabla ya kuumba ulimwengu, wala si kila mwanadamu. Wanaolishika ni Wakristo wa mkondo wa Kalvini: Wapresbiteri wengi, makanisa yajiitayo Reformed, na baadhi ya Wabaptisti. Wanaolikataa ni wengi zaidi. Miongoni mwao wamo Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Wamethodisti, Wamoraviani, Wapentekoste walio wengi, na Marafiki, ambao watu wengine huwaita Wakweka.

Mipaka inayozungumzwa haihusu thamani ya damu. Hakuna Mkalvini makini aliyefundisha kwamba damu ya Kristo haitoshi dhambi za walimwengu wote. Ubishi uko kwenye nia. Pande zote mbili zinakubali kwamba kifo hicho kina thamani isiyo kifani, na kwamba mwishowe si watu wote watakaookoka. Basi kama bei imelipwa na bado wapo wanaopotea, kuna pengo mahali fulani. Mkalvini analiweka pengo hilo katika mpango wa Mungu mwenyewe: waliopotea hawakuwa miongoni mwa walionunuliwa. Wapinzani wake wanaliweka katika itikio la mwanadamu: amenunuliwa, akakataa kutoka. Wote wawili wameweka mpaka, ila kila mmoja ameuweka mahali pake.

Biblia inasomwa na pande zote mbili, na kila upande una aya zake. Wanaotetea mipaka huanzia Yohana 10, ambapo mchungaji mwema anatoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, na Yohana 17:9, ambapo Yesu anawaombea wale aliopewa na Baba na si ulimwengu. Huongeza Waefeso 5:25, ambapo Kristo anajitoa kwa ajili ya Kanisa, na Mathayo 1:21, inayotaja watu wake. Wanaotetea upana huanzia Yohana 3:16, kisha 1 Timotheo 2:4-6, isemayo Mungu anataka watu wote waokolewe na kwamba Kristo ni fidia kwa wote. Silaha yao kali ni 1 Yohana 2:2, inayopita dhambi za waumini na kufika kwenye za ulimwengu mzima. Yapo pia maneno ya 2 Petro 2:1, ambayo yanawataja walimu wa uongo kuwa wanamkana Bwana aliyewanunua. Aya hiyo imewasumbua Wakalvini kwa karne nyingi, na majibu yao juu yake ni dhaifu kuliko majibu yao juu ya aya nyingine.

Mzizi wa mjadala uko Afrika. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo sasa ni Algeria, alifariki mwaka 430 akiwa ametumia miaka yake ya mwisho kufundisha kwamba neema ya Mungu ndiyo inayomteua mtu, na kwamba mtu hana cha kujivunia. Kuhusu kifo cha Kristo hakuliweka jambo kwa ukali wote. Aliyefanya hivyo ni mtawa mmoja wa karne ya 9, Gottschalk wa Orbais, ambaye alisema waziwazi kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule tu. Mabaraza ya kanisa yalimhukumu mwaka 848 na 849. Alichapwa viboko, akafungwa katika monasteri hadi mwisho wa maisha yake. Katika karne ya 12 Petro Lombardo alipata kauli ya kuwatuliza watu: kifo cha Kristo kinatosha kwa wote, ila kinafanya kazi kwa wateule. Kwa miaka mia nne kauli hiyo ilitosha.

Ilikoma kutosha Uholanzi. Jacobus Arminius, mwalimu wa chuo kikuu cha Leiden, alifariki mwaka 1609 akiwa amewaachia wanafunzi wake mashaka juu ya uteule usio na sharti. Mwaka 1610 wafuasi wake walitoa tamko la vipengele vitano, na cha pili kilisema Kristo alikufa kwa ajili ya wote na kila mmoja, ijapokuwa hakuna anayefaidi msamaha huo isipokuwa aaminiye. Tamko hilo likageuka kuwa siasa. Sinodi ya Dordrecht, maarufu kwa jina la Dort, ilifunguliwa Novemba 1618, ikiwa na wajumbe kutoka Uingereza, Uswisi na nchi za Kijerumani. Wafuasi wa Arminius walioitwa wajieleze, wakiongozwa na Simon Episcopius, walitimuliwa ukumbini Januari 1619. Mwezi Mei mwaka huohuo mwanasiasa mkubwa aliyekuwa mlinzi wao, Johan van Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa, na wachungaji wapatao 200 wakavuliwa kazi. Ni vigumu kusoma kurasa hizo bila kusikitika: swali la nani ameokolewa lilimwagiwa damu ya mzee wa miaka sabini na moja.

Hata hivyo, Kanuni za Dort zenyewe zina busara kuliko mazingira yaliyozizaa. Sura yake ya pili inasema kwanza kwamba kifo cha Mwana wa Mungu kina thamani isiyo na mwisho na kinatosha kabisa kwa dhambi za ulimwengu mzima. Inafuata amri kwamba habari hiyo itangazwe kwa mataifa yote bila ubaguzi. Baada ya hapo tu ndipo inaposema kwamba nia ya Mungu ilikuwa damu hiyo iwakomboe kwa hakika wateule, na hao pekee. Mpangilio huo ulitokana kwa sehemu na wajumbe wa Uingereza, hasa John Davenant, waliopigania upana ndani ya mipaka. Mfaransa Moïse Amyraut alikwenda mbele zaidi mwaka 1634 aliposema Kristo alikufa kwa ajili ya wote kwa sharti la imani, kisha Mungu, akiona hakuna atakayeamini kwa nguvu zake, akawapa wateule hiyo imani.

Mtetezi hodari kuliko wote wa fundisho lenyewe alikuwa Mwingereza John Owen, aliyechapisha kitabu chake juu ya kifo cha Kristo miaka ya 1640. Hoja yake inahusu malipo. Fidia ikishalipwa na kupokewa, mateka ana haki ya kutoka. Mwenye deni hadaiwi mara mbili. Ikiwa Kristo alilipa dhambi zote za watu wote, ikiwemo dhambi ya kutoamini, kwa nini yeyote aadhibiwe? Ikiwa hakulipia kutoamini, basi hakulipa zote. Kwa hiyo, anasema Owen, waliolipiwa na wanaookoka ni watu walewale. Ni hoja nzito, na anayeipinga hana budi kueleza namna malipo yanavyoweza kuwa halali na bado yasimfikie mlipiwa.

Upande wa Kikatoliki ulipitia mzozo wake. Mwaka 1653 Papa Innocent X alihukumu kauli tano zilizohusishwa na askofu Jansen, na ya mwisho kati yake ilihusu swali hilihili la kama Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Tangu hapo msimamo wa Roma haujayumba: alikufa kwa ajili ya wote. Waanglikana wana Kifungu cha 31 katika Vifungu vyao 39, kinachosema sadaka ya Kristo iliyotolewa mara moja ni ukombozi kamili kwa dhambi zote za ulimwengu wote. Walutheri waliandika hivyohivyo mwaka 1577.

Afrika Mashariki ilipokea majibu haya yote mawili pamoja na wamisionari walioyabeba. Misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, na ndiyo mzizi wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Waskoti hao walirithi Ungamo la Imani la Westminster, lililoandikwa katika miaka ya 1640 kwa roho ya Dort. Lakini hawakuja nalo likiwa kavu. Mwaka 1831 mkutano mkuu wa kanisa lao ulikuwa umemfukuza mchungaji John McLeod Campbell kwa kosa la kuwahubiria washirika wake kwamba Kristo aliwafia wote. Campbell alitaka maskini wa usharika wake wapate uhakika wa kupendwa, kwa sababu aliona wanaishi kwa hofu wakijichungulia kama wamo katika orodha. Baada ya nusu karne mioyo ilikuwa imelainika: makanisa mawili ya Kipresbiteri yaliyojitenga na kanisa la taifa yalipitisha maazimio, moja mwaka 1879 na jingine mwaka 1892, ya kukiri upendo wa Mungu kwa wanadamu wote, bila kulifuta Ungamo. Kanuni za Dort zenyewe zilifika nyanda za Uasin Gishu kwa njia ya Makaburu na Waholanzi, na Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lenye makao Eldoret, huhesabu mwanzo wake kuwa 1944.

Pemba, kisiwa cha Zanzibar, ilipata jibu la upande wa pili kabisa. Ili kulielewa inabidi kurudi kwa Robert Barclay, Mskoti aliyezaliwa 1648, akalelewa miongoni mwa Wakalvini wakali, akapelekwa kusoma kwa Wakatoliki mjini Paris, kisha akajiunga na Marafiki akiwa kijana wa chini ya miaka ishirini. Mwaka 1676 alichapisha kwa Kilatini kitabu cha kuitetea imani ya Marafiki, na sehemu moja yake ndefu inavunjavunja fundisho la kwamba Mungu ameumba watu kwa ajili ya kuangamia. Barclay hakusema tu kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Alisema matunda ya kifo hicho yanamfikia kila mtu kwa Nuru iliyowekwa ndani yake, na kwamba mtu asiyewahi kusikia jina la Yesu, akiitii Nuru hiyo, ameokolewa na Kristo yuleyule asiyemjua kwa jina.

Kwa ushahidi, Barclay alichukua mfano kutoka kwa Waislamu. Alimtaja Hayy bin Yaqdhan, mhusika wa hadithi iliyoandikwa kwa Kiarabu na Ibn Tufayl wa Andalusi katika karne ya 12. Hayy analelewa na swala katika kisiwa kisicho na watu. Swala huyo anapokufa, mtoto anampasua kifua akitafuta kilichomtoka, na kutokea hapo, hatua kwa hatua, kwa kutazama moto, nyota na nafsi yake, anafika kumjua Mola bila mwalimu wala kitabu. George Keith, Rafiki mwenzake Barclay, alikuwa amekifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1674. Marafiki wa baadaye waliona aibu na kuuondoa mfano huo katika matoleo yaliyofuata. Hasara ilikuwa yao, kwa kuwa ni nadra katika maandishi ya Wakristo wa zama hizo kukuta kitabu cha Mwislamu kikiitwa kutoa ushahidi kwa heshima namna hiyo juu ya jambo kubwa kama wokovu.

Fundisho hilo lilikuwa na matokeo ya duniani. George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, alipofika Barbados mwaka 1671 aliwaambia wenye mashamba kwamba Kristo aliwafia watu weusi kama alivyowafia wao. Hakudai watumwa waachwe wote siku hiyo, na Marafiki wengi waliendelea kuwa na watumwa kwa karibu miaka mia nyingine. Lakini mtu akishaambiwa kwamba yule anayelima shambani kwake amenunuliwa kwa damu, ni vigumu kuendelea kumnunua kwa fedha.

Ndiyo maana Marafiki waliletwa Pemba na suala la utumwa. Tufani ya mwaka 1872 ilivunja mikarafuu ya Unguja, na kilimo cha karafuu kikahamia zaidi Pemba, na pamoja nacho kazi ya watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika visiwa vyote viwili. Mwaka huohuo Theodore Burtt alifika Pemba kwa niaba ya Marafiki wa Uingereza, na misheni yao ikapata shamba Banani, karibu na Chake Chake, ambapo walioachwa huru walifanya kazi kwa ujira. Henry Stanley Newman, aliyekuja kuitazama hali, aliandika kitabu kilichobeba jina la Banani, kikatoka mwaka 1898. Waanglikana wa misheni ya UMCA nao walikuwa na kituo Wete.

Namna amri ile ilivyofanya kazi inalileta swali la kafara karibu kuliko hoja nyingi za vitabuni. Uhuru haukumshukia mtumwa alipo. Alipaswa kutoka shambani, aende mwenyewe mahakamani, aombe. Alipokubaliwa, alipewa cheti, na serikali ilimlipa bwana wake fidia kwa ajili ya mtu huyo mmoja aliyesimama pale, si kwa watumwa wa kisiwa kwa jumla. Na fidia ililipwa endapo tu bwana alithibitisha kwamba alimpata kihalali. Kamishna wa kesi hizo Pemba alikuwa J. P. Farler, kasisi aliyewahi kuwa mmisionari wa UMCA huko Magila, upande wa bara. Masuria waliachwa nje ya amri, na walingoja hadi mwaka 1909. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa, ama kwa kutojua, ama kwa kuogopa kupoteza shamba na nyumba, ama kwa mazoea.

John Owen angeona hoja yake hapo: fidia hulipwa kwa mtu mwenye jina, na ikishalipwa, mtu huyo hakosi kutoka. Barclay naye angeona yake: amri imetangazwa kwa wote, na asiyekwenda kuomba hajanyimwa na aliyetangaza. Lakini suria anaivunja hoja ya pande zote mbili. Yeye alisikia tangazo la uhuru lililokuwa wazi kwa jirani yake na kufungwa kwake. Hili ndilo jambo linalowaumiza wapinzani wa kafara yenye mipaka: tangazo la wazi ambalo ndani yake, kwa baadhi ya wasikiao, hakuna kitu. Mkalvini hujibu kwamba hakuna aliyeomba kwa dhati akakuta mlango umefungwa, kwa kuwa kuomba kwenyewe ni alama ya kuteuliwa. Jibu hilo lina mantiki, lakini halimfariji aliye nje ya mlango.

Marafiki wa Pemba hawakupata umati. Jamii yao ilibaki ndogo, tofauti na Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako Marafiki kutoka Marekani walianza mwaka 1902 na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Kisiwa kiliendelea kuwa cha Waislamu, na hakuna mahali panapoonyesha hilo zaidi kuliko Kiuyu, ile rasi ya kaskazini-mashariki yenye Kiuyu Mbuyuni na Maziwang'ombe upande wa Micheweni. Ardhi yake ya maweni haikufaa karafuu. Watu wake hutegemea uvuvi, na kina mama hulima mwani pwani. Fundisho la kafara haliwahusu kwa maana ya imani, kwa kuwa Uislamu unafundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Lakini maswali mawili yaliyo ndani yake yanasomeshwa katika vyuo vya huko.

La kwanza ni kadari. Wanazuoni wa Kishafii wa mwambao, wanaofuata akida ya Ashari, wanasema Mungu ndiye anayeumba matendo yote na mja huyachuma, hivyo mja ana dhamana bila Mungu kupungukiwa na uwezo. Mtu aliyeikalia darasa hiyo hatapata taabu kuelewa kilichogombaniwa Dort. La pili ni shafaa. Masunni wanaamini kwamba uombezi wa Mtume siku ya Kiyama utawafikia hata wenye madhambi makubwa katika umma wake, na kwamba Mwislamu hatakaa motoni milele. Waibadhi, walioingia visiwani kutoka Omani, wanasema shafaa ni ya wachamungu, na aliyekufa bila kutubia dhambi kubwa hatoki motoni akishaingia. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, mzaliwa wa Unguja aliyeteuliwa kuwa Mufti wa Omani, ameutetea msimamo huo katika kitabu chake al-Haqq al-Damigh. Tofauti na Ukristo ni kubwa: Muibadhi anaweka mpaka kwenye toba ya mtu, si kwenye uteule uliotangulia. Ila swali la rehema inamfikia nani ni la wote.

Je, mafundisho haya ya Kikristo yanasema nini kuhusu mvuvi wa Kiuyu aliyeishi na kufa Mwislamu? Ungamo la Westminster lina jibu gumu: wasioikiri dini ya Kikristo hawawezi kuokolewa, hata wajitahidi vipi kuishi kwa nuru ya maumbile. Wengi wanaoshika upana wa kafara nao husema Kristo alimfia, lakini bila imani faida hiyo haikumfikia. Kwa mvuvi mwenyewe tofauti kati ya majibu hayo mawili ni ndogo kuliko wahubiri wanavyodhani. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, lilitamka kwamba mpango wa wokovu unawahusu pia Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, na kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake anaweza kuokoka. Barclay alikuwa amefika hapo karibu miaka 290 kabla. Kwa hiyo kusema kwamba kafara ni ya wote hakutoshi. Anayesema hivyo anadaiwa kueleza inamfikiaje mtu, na Marafiki ni miongoni mwa wachache waliolijibu deni hilo mapema na kwa ukamilifu.

Jambo moja halibishaniwi na yeyote kati ya waliotajwa. Hakuna ungamo, la Dort wala la Westminster, linalodai kwamba mwanadamu ameonyeshwa majina ya wateule, na Dort yenyewe iliamuru Injili itangazwe kwa kila mtu. Kwa hiyo mhubiri anayemwambia mtu, awe wa Kiuyu au wa Eldoret, kwamba Kristo hakumfia yeye, hasemi kwa mamlaka ya kanisa lolote la Kikalvini.